Moyo wa Bi Thuwaiba

Maskat,
Mfunguo Pili.

Kwako Dada Wanu,

Shikamoo, na assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima, na ule mguu uliokatwa na mwamba ukiwa kwenye mwani umeshapoa. Mwanao Salhiya hajambo? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila magoti yananisema kila ngazi ninayopanda na vigae begani. Jua la huku mwaka huu limekuja mapema na halina huruma.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Lakini wewe, dada, simu yangu huiweka kwenye spika na uwani wote hunisikiliza, mpaka majirani wanaingilia kati kuniuliza kama nimeshapata mchumba. Na chumbani kwetu huku tumebanana kama samaki kwenye tenga. Ukinong'ona kitandani, wa kitanda cha juu anakujibu. Basi barua hii nimempa Msabah wa Kigomani, anayekuja likizo, akutie mkononi mwenyewe. Macho yakikusumbua akusomee Salhiya, na mlango mfunge. Mwandiko wangu unaujua. Niliachia darasa la sita, usinicheke.

Siku ile likizo yangu ilipokwisha, uliponisindikiza uwanja wa ndege, ulinishika mkono ukaniambia, "Nenda mdogo wangu, wala usigeuke nyuma." Sikugeuka. Lakini ndege iligeuka. Watu walikueleza kuwa ndege ya siku ile ilirudi Unguja, na uliponiuliza kwenye simu nilikujibu kuwa ilikuwa na hitilafu ndogo, tukakaa humohumo uwanjani mpaka ikaondoka tena. Sivyo ilivyokuwa. Haikuwa na hitilafu yoyote, wala mimi sikukaa uwanjani.

Kiti changu kilikuwa cha katikati. Dirishani alikaa bibi mmoja wa mjini, mweupe, wa hawa Waarabu wetu, kavaa buibui, ananukia udi, na mapajani kapakata kikapu cha ukili kama mtu aliyepakata mtoto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi wa wapi. Nikamwambia wa Matemwe. "Aa, mtu wa shamba," akasema. "Basi nifunge huu mkanda. Nyinyi kufunga mbuzi mnakujua, na mimi leo ndo mbuzi." Nikamfunga, tukacheka wote wawili. Jina lake Bi Thuwaiba, wa Kikwajuni.

Aliniambia anakwenda kwa binti yake, Shaima, aliyeolewa Maskat, na safari hii haendi kutembea, anahamia. Shaima kamsihi miaka na miaka, hataki mama yake akae peke yake. Nyumba kaifunga, ufunguo kamwachia jirani yake, Nunu. Aliposema habari ya ufunguo niliona vidole vyake vinaupapasa mkoba, kama vile bado anautafuta. Kikapuni mlikuwa na halua, ya Shaima, na tende chache za kufuturia, kwa sababu alikuwa kafunga sitta, zile siku sita za Mfunguo Mosi. Nikamwambia msafiri ana ruhusa ya kula. Akanijibu kuwa ruhusa ni ya Mungu na anamshukuru, lakini sitta hajaiacha tangu aolewe, na hataianza tabia hiyo angani. Halafu akaniuliza huko juu magharibi inaingia kwa saa ya wapi, ya Unguja au ya Maskat. Nikamwambia tutatazama dirishani, jua likizama na sisi tumezama nalo. Akanipiga kofi la mkono. "We mtoto! Ndani ya ndege usitaje kuzama!"

Ndege ikapaa alasiri. Ilipopinda ikapita juu ya upande wetu wa kaskazini. Niliinama mbele yake nikauona mwamba wa Matemwe na lile povu jeupe, na mashamba ya mwani kama viraka ndani ya maji. Nikatazama mpaka mawingu yakaziba. Hilo liweke, nitalirudia.

Tulikuwa tumeshakwenda kitambo, wahudumu wanapitisha chakula, nikaona Bi Thuwaiba kanyamaza. Nilidhani ni harufu ya kuku. Nikamtazama usoni, jasho linamtoka, jasho baridi, na mikono inatetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa. Akanivuta shati akasema taratibu, "Mwanangu, moyo unanichafuka."

Wewe unajua na mimi najua maana yake: anataka kutapika. Nikabonyeza kile kitufe cha kuita watu. Akaja msichana mhudumu, hajui Kiswahili na mimi Kiingereza changu ni cha "yes" na "no". Akatangaza kwenye kipaza sauti, na kutoka nyuma akaja muuguzi mmoja, binti wa Kiomani, jina lake Ibtisam. Huyo alisema Kiarabu. Akanipita, akainama kwa Bi Thuwaiba, akamshika mkono, akaniuliza upesi bibi huyu anasema nini, ana nini. Na mimi, dada, kwa Kiarabu changu cha kwenye zege, nikajibu: "Kalbi. Moyo wake."

Baada ya neno hilo mambo yalikwenda mbio. Walituondoa, wakamlaza Bi Thuwaiba chini kule nyuma, penye mapazia, wakamtia kile kikombe cha hewa usoni. Ibtisam alinishika mkono nisiondoke, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na lugha ya mgonjwa. Mhudumu akakimbilia mbele kwa rubani, na haikupita muda ndege ikalala ubavu. Jua lililokuwa upande mmoja likahamia upande mwingine. Rubani akatangaza kuwa yuko mgonjwa wa moyo na tunarudi Unguja, ndiko karibu.

Hapo watu wakaanza. Mmoja analia kuwa mwenyeji wake anamngoja, mmoja anauliza atalipwa na nani. Bwana mmoja mwenye tumbo, Azzan, ana duka la vipuri huku Maskat, alisimama kabisa akasema, "Mgonjwa wa moyo anapanda ndege kufanya nini? Angekaa kwake!" Bibi mwingine akamjibu kutoka viti vya mbele, "Na wewe mgonjwa wa mdomo, nani kakupandisha?" Watu wakacheka, lakini kicheko cha hofu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, na Bi Thuwaiba kaling'ang'ania shati langu. Ibtisam akatoa kidonge, akataka akitafune, akasema ni cha kusaidia moyo. Bi Thuwaiba akauma meno. Muuguzi akamsukumia mdomoni, yeye akageuza uso, anasema kitu ndani ya meno. Nikainamisha sikio. Alikuwa akisema, "Nimefunga. Nimefunga, mwanangu." Ibtisam akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anasema hataki.

Ikawa kuvutana hivyo. Yule anasihi, huyu anauma meno. Mara Bi Thuwaiba akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akaniita Hamed, sijui ni nani, akaniambia nikafunge mlango wa uwani mvua inaingia. Halafu macho yakalegea, yakabaki meupe. Buibui lilikuwa limerowa jasho kama limetoka kufuliwa. Ibtisam akamshika mshipa wa mkono, akatulia, akaushika tena. Akanitazama. Akaniuliza, polepole sasa, kama unavyomuuliza mtoto: una hakika alisema moyo? Kwa sababu mapigo haya yanakwenda mbio, lakini hayaniambii ulichoniambia wewe.

Dada Wanu, mimi nimesimama juu ya jukwaa la ghorofa, kamba imekatika upande mmoja, na sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Nikautazama mkono wa yule bibi kwenye shati langu. Ulikuwa unalegea, kidole kimoja kimoja.

Nikasema. Nikamwambia Ibtisam kuwa bibi hakusema moyo unamuuma, alisema anataka kutapika, sisi kwetu ndivyo tunavyosema. Na kwamba kafunga tangu alfajiri, ndiyo maana hataki kufungua mdomo. Ibtisam akajipiga paja. Akaniuliza kama bibi ana sukari. Nikasema sijui. Akaniambia nifungue mkoba wake, mara moja, aibu niiweke kando. Nikaufungua mkoba wa mwanamke nisiyemjua, nikatoa vidonge, akavisoma na mara uso wake ukabadilika. Ni vya sukari, akasema. Kavimeza daku na tangu hapo hajala kitu. Sukari imeshuka, imekwisha mwilini, asipoipata sasa hivi tutafika Unguja na maiti.

Wakaleta maji ya matunda. Ibtisam akakataa, akasema mtu aliye hivi ukimmiminia kitu cha maji kitamwingia mapafuni, apakwe kitu kizito ndani ya shavu, kidogo kidogo, asali au mfano wake. Wahudumu wakatazamana. Hapo nikakikumbuka kikapu. Nikakimbia mpaka kwenye kiti chetu, nikakitoa kule juu walikokiweka, nikarudi nacho, nikapasua karatasi ya halua ya Shaima kwa meno.

Lakini meno ya Bi Thuwaiba, dada. Yamefungwa kama kufuli. Kila Ibtisam akijaribu kupenyeza kidole, taya linakaza zaidi. Fahamu zilikuwa zinamwondoka, lakini ile nia aliyoweka usiku haikumwondoka. Nikamwinamia sikioni nikamwambia bibi kula, unakufa. Nikamwambia Mungu kakuruhusu. Meno hayakuachia. Ibtisam anaanza kulia huku anafanya kazi.

Sijui nani alinitia jambo hili akilini. Nilikaa sawa, nikaelekea nisikojua kama ni kibla au sicho, nikaweka kidole sikioni nikaadhini. Nilianza taratibu, sikioni mwake tu, lakini mashine za ndege zilikuwa zinanimeza, nikapandisha sauti. Allahu akbar, Allahu akbar. Unaijua sauti yangu, ni ya kuitia watu ufukweni. Watu wakageuka vitini. Jua lilikuwa bado lipo juu ya bawa, linatutazama, na mimi naadhini magharibi.

Nilipofika hayya alas-salaa, midomo ya Bi Thuwaiba ikatikisika. Nilipomaliza, akasema kitu kama bismillahi, na taya likaachia. Ibtisam akanipigia kelele, "Wewe, sasa!" kwa sababu yeye mikono yote miwili ilikuwa imeshika kichwa. Kidole changu hiki, chenye saruji isiyotoka kwenye ukucha, nikakitia kwenye halua nikampaka bibi wa watu ndani ya shavu. Kidogo. Nikangoja. Kidogo tena. Mungu anisamehe kwa adhana ya uongo na kwa kumgusa asiyekuwa maharimu wangu, lakini wakati ule niliona kama nampaka mama.

Huku nyuma Bwana Azzan anakuja mbio, mdomo umejaa. Kumbe naye alikuwa kafunga sitta, tende alikuwa nayo mkononi tangu zamani, aliposikia adhana akaitia mdomoni, kisha akageuka dirishani akaliona jua. "Wewe kijana! Jua hilo hapo! Umenifunguza!" Ibtisam akamnyamazisha kwa jicho. Azzan akamwona Bi Thuwaiba pale chini na halua kwenye midomo, akasimama na tende yake, hatemi wala hamezi. Mwisho akameza. Akavua koti lake akamfunika bibi miguu.

Tulimpaka mpaka robo ya halua ikaisha. Kwanza likarudi joto la mikono. Kisha akakunja uso, kama mtu anayeamshwa kabla hajashiba usingizi. Kisha akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja, akalamba mdomo. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Halua hii ya Shaima. Nani kaifungua?"

Ibtisam alikaa chini sakafuni akacheka na machozi yanamtoka. Rubani akaulizwa kama tugeuke tena tuendelee na safari. Akasema tumeshakaribia Unguja kuliko kwengine kokote, na mgonjwa lazima aonwe hospitali. Tukatua. Walipomshusha kwenye machela Bwana Azzan alimfuata mpaka ngazini akamwambia, "Bibi, mimi na wewe tuna siku moja ya kufunga upya. Usinisahau nikafunga peke yangu." Na watu walionitupia macho mabaya mwanzo walinipa mikono. Mmoja akanipiga picha. Wakaniita shujaa, dada. Nilishuka ndege ile na jina hilo mgongoni, zito kuliko vigae.

Sisi abiria tulipewa nafasi ya kulala mpaka ndege itakapoondoka kesho yake mchana. Lakini Bi Thuwaiba hakuwa na mtu, na hakuliachia shati langu, nikaingia naye kwenye gari la wagonjwa. Hospitali wakathibitisha ni sukari, moyo wake mzima kama wa msichana. Wakamweka mpaka asubuhi, wakamruhusu. Nikamrudisha Kikwajuni. Nunu alipofungua mlango na kumwona alipiga ukelele uliotoa mtaa mzima, akamwambia, "Thuwaiba! Hata chai yako ya jana sijaosha kikombe, na wewe umesharudi!"

Ndiyo, Dada Wanu. Asubuhi nzima ile nilikuwa Unguja, Kikwajuni, nimekaa juu ya mkeka nakunywa chai. Ningetaka ningefika kwako kabla ya adhuhuri. Sikuja, wala sikukupigia.

Sasa nifungulie moyo, maana nimekwenda mbali nimeukaribia mlango.

Nunu alipoingia jikoni kukaanga mayai, Bi Thuwaiba alinikazia macho. Akaniambia, "Simai, mimi nlikwambia moyo unanichafuka. Wewe ukamwambia yule mtoto kalbi." Nikataka kumjibu kuwa Kiarabu changu kibovu. Akanikatisha. "Kiarabu mimi sikisemi, babu zangu walikuja nacho sisi tukakipoteza. Lakini kalbi nnaijua tangu chuoni, kila aliyeshika msahafu anaijua. Nlikusikia."

Dada, huko juu nimekuandikia kuwa baadaye nilimwambia Ibtisam kuwa bibi anataka kutapika. Jiulize neno hilo nililipata wapi. Nililijua tangu wiki yangu ya kwanza huku. Kazini kwetu watu hutapika kwa jua kila siku, na msimamizi haandiki mtu mgonjwa mpaka tuliseme neno hilo. Nimelisema kwa ajili ya wenzangu na kwa ajili yangu mara nisizoweza kuhesabu. Muuguzi aliponiuliza bibi ana nini, nilikuwa na maneno mawili mdomoni. Moja la kutupeleka Maskat, na moja la kuturudisha. Nilikuwa nimetoka kuuona mwamba wetu kutoka juu. Nikachagua.

Sikudhani litamdhuru. Nilidhani anataka kutapika tu, atatapika, atapoa, na mimi nitakuwa nimekanyaga Unguja siku moja zaidi. Naapa sikutaka afe. Lakini aliposema nimefunga, na mimi nikamwambia muuguzi "hataki", hapo nilikuwa nalinda uongo wangu. Niliogopa likitoka hilo, na jingine litatoka, na ndege itageuka tena. Nikamwacha bibi wa watu azame ili mimi nirudi nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa, sina njia ya kuipamba.

Nilimwambia Bi Thuwaiba haya yote pale mkekani, kichwa nimekiinamisha. Nilingoja anitukane, anifukuze. Akakizungusha kikombe. Kisha akaniuliza kwa nini sikumuuliza yeye: kama alinisikia nikisema kalbi, na akili zake zilikuwa bado zipo, kwa nini hakunisahihisha? Alikuwa na ulimi. Angetikisa kichwa tu, angeonesha tumbo.

Nikainua kichwa.

"Kwa sababu nliona jua linahamia dirisha la pili," akasema. "Nkajua tunarudi. Nkasema na inyamazwe."

Akaniambia kuwa Shaima ni mtoto mwema, na ndiyo tabu yenyewe; angekuwa mbaya angeshamkatalia zamani. Hakuwa na neno la kumwambia. Miaka yote analitafuta neno la kubakia kwake bila kumvunja mwanawe, halipati, mpaka mtu wa shamba kiti cha pembeni kalitoa mdomoni. Akalikamata. Ilibaki kidogo limuue, akasema, lakini kosa ni la wawili, na halua tumeila wawili.

Kisha akacheka. Akasema, "Mimi nna umri wa kusingizia moyo. Wewe kijana utasingizia nini?"

Mchana nilirudi uwanjani nikapanda ndege. Sikuja kwako kwa sababu ningekuja nisingeondoka tena, na wewe ulishawaambia watu kuwa mdogo wako hana tabu, kazi kaizoea. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwambia hivyo, kila simu. Huo ndio uongo wa kwanza, dada, wa kalbi ni mtoto wake. Sijaizoea. Nimechoka mpaka usingizini. Nilipokuwa nyumbani Ramadhani yote ulikuwa ukiniuliza mbona napenda kukaa mlangoni bila kufanya kitu, nikakujibu napumzika. Nilikuwa naangalia namna ya kukwambia.

Halua iliyobaki Bi Thuwaiba alinipa nimpelekee Shaima. Nilimpelekea Ijumaa ya kwanza. Alikuwa kalia mpaka macho yamevimba, ameshauliza madaktari wa moyo, anataka kuja kumchukua mama yake akapasuliwe. Sikuweza kumwacha hivyo. Nikamwambia moyo wa mama yako mzima, mama yako ana sukari na anafunga bila kushauriana na daktari, hilo ndilo la kumwambia. Akaniuliza basi nani alisema moyo. Nikamwambia mimi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia muulize mama yako, na umuulize kwa upole, ana jambo la kukwambia. Akafungua halua akaona alama za vidole vyangu zimekauka humo ndani. Juzi kanitumia salamu kuwa wamezungumza, na kuwa atakwenda yeye Unguja kukaa na mama yake mwezi mmoja, wala hatamchukua.

Bi Thuwaiba kapata neno lake. Mimi ndiyo naliandika langu.

Nina ombi moja. Ukienda mjini, pita Kikwajuni, umuulize Nunu karibu na msikiti, kila mtu anamjua kwa kelele zake. Mpelekee Bi Thuwaiba samaki wawili wabichi, changu, na umwambie asifunge tena bila daktari kumruhusu, maana muadhini yuko mbali. Atakuuliza habari zangu. Usimwambie sijambo. Mwambie Simai anasema moyo unamchafuka. Hatauliza maana.

Na wewe, dada, ukishamwambia hivyo, rudi nyumbani ufikirie, kisha unipigie. Ondoa spika. Mkataba wangu unakwisha kabla ya Mfunguo Tatu kutoka. Ukiniambia nibaki, nitabaki, sitakulaumu. Ukiniambia nirudi, usije kunipokea na watu wengi. Njoo peke yako.

Nisalimie Salhiya, kama ndiye aliyesoma mwambie ahsante na afunge mdomo kama alivyofunga mlango. Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia nao. Mungu akuweke, akupe nafuu ya mguu, atukutanishe tukiwa hai.

Wako aliyegeuka nyuma,
Simai